Ruzuku ya maranda: kausha na upime kabla hujaandika barua

Ukipita pembezoni mwa Mafinga asubuhi ya mwezi wa Juni, baridi ikiwa bado imelalia mashamba ya misindano, utaona moshi mwembamba unafuka kutoka chini, nyuma ya mashine za kupasulia mbao. Hakuna aliyewasha jiko pale. Ni lundo la maranda linaungua kwa ndani, na huenda hii ni wiki ya tatu. Juu limefanya ukoko wa kahawia, mvua imelipiga likagandamana. Chomeka fimbo: inatoka nyeusi, na ya moto.

Mwenye lundo lile ni mmoja wa wanaoniuliza swali hili. Wengine wako Njombe, Makete na Kilolo, na wachache Tanga na Kagera. "Tumesikia Serikali inatoa ruzuku kwa mabaki ya miti yanayogeuzwa nishati. Ofisi iko wapi, na barua naandika kwa nani?" Nimelijibu kwa simu mara nyingi, nikiwa njiani au sokoni, na kila mara kuna kitu nimekisahau. Leo nalijibu lote kwa maandishi.

Jibu fupi

Hakuna ofisi Tanzania inayolipa kwa tani ya maranda yaliyolala uani kwako. Ipo misaada ya aina mbalimbali, kila mmoja uko mikononi mwa chombo chake, na tangazo lake pengine halitaji neno "maranda" hata mara moja. Fedha hizi hufuata bidhaa: mkaa mbadala uliokauka, wenye mteja na wenye hesabu. Ukienda na lundo, utarudi na lundo. Nenda na gunia lililopimwa na stakabadhi ya mteja aliyekwisha kulipa.

Nasisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakiuza shamba la miti ambayo haijakomaa ili wanunue mashine, wakitegemea ruzuku ambayo tangazo lake hawajawahi kulisoma.

Milango iliyopo

Naipanga kwa jinsi inavyomfaa mwenye mashine ndogo ya mbao au mwenye ekari chache za miti.

- Mfuko wa Misitu Tanzania. Msingi wake ni Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002. Hii ndiyo ruzuku yenyewe, fedha isiyorudishwa. Inaombwa kwa andiko la mradi pale dirisha la maombi linapotangazwa, na vikundi, taasisi na watu binafsi huomba. Mfuko unatazama faida ya msitu na ya jamii. Andiko linalosema tu "nataka kupanua biashara yangu" halifiki mbali. Linaloonyesha ni magunia mangapi ya mkaa wa miti ya asili hayatachomwa kwa sababu bidhaa yako ipo, hilo linasomwa mpaka mwisho.

- Wakala wa Nishati Vijijini, REA. Kwenye nishati ya kupikia, sehemu kubwa ya ruzuku ya REA inamwendea mtumiaji: mitungi ya gesi na majiko banifu kwa bei iliyopunguzwa. Mzalishaji huingia kwa kushindania tangazo, na mara nyingi hulipwa baada ya kufikisha bidhaa na kuhakikiwa. Maana yake unatanguliza mtaji wako, kisha unarudishiwa.

- Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Huu ni mkopo, lazima urudishwe, ila hauna riba. Kati ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 ni za vikundi vya wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Kwa wengi wenu huu ndio mlango wa karibu kuliko yote: anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

- SIDO, shirika la viwanda vidogo. Mafunzo, mikopo midogo, na mafundi wanaojua mashine za kutengeneza mkaa mbadala. Usidharau karakana yao. Mashine iliyotengenezwa mkoani ina fundi wa kuirekebisha mkoani.

- TBS, shirika la viwango. Hapa wengi hupitwa. Mjasiriamali mdogo anayetambulishwa na SIDO hubebewa na Serikali gharama za kuthibitisha ubora wa bidhaa yake. Hutashika noti mkononi, lakini gharama ambayo hukuilipa ni msaada ule ule, na alama ya ubora inakufungulia zabuni ambazo jirani yako hawezi kuzigusa.

Milango hii hutumika kwa kufuatana. Kikundi kilichopata mkopo wa halmashauri kikaurudisha kwa wakati kina ushahidi mzuri kuliko maneno yoyote ya andiko.

Kwa nini shule zinakutafuta sasa

Mwaka 2023 Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na tarehe za mwisho zilizowekwa zimeshapita. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034.

Wengi wenu mlikuwa mkiuza mabanzi kwa shule za bweni, na mmeona oda zikipungua. Mabanzi ni kuni, na kuni ndizo zilizokatazwa. Lakini shule zile bado zinapika ugali na maharage kila siku, na mkaa mbadala umo katika njia wanazoelekezwa, pamoja na gesi, umeme na bayogesi.

Nilikwenda jikoni kwa shule moja mkoani Njombe na sampuli ya kikundi nilichokuwa nakisaidia. Mpishi mkuu, mama wa makamo, alikichukua kipande, akakivunja kwa vidole viwili, akakinusa.

"Huu umelala nje, mwanangu."

Nikamuuliza kwa siku wanatumia kilo ngapi za kuni.

"Sisi hatupimi kilo. Tunapima maharage. Yakiiva kabla ya kengele ya saa saba, kuni ilikuwa nzuri."

Akakitupa jikoni. Kikafuka moshi mweupe kwa dakika nyingi ndipo kikashika moto. Hakusema neno, alirudi kwenye sufuria yake, nami nikabeba mfuko wangu nikatoka. Kikundi kile kilikuwa na katiba, muhuri na akaunti ya benki. Bidhaa kavu hakikuwa nayo.

Mjue pia kwamba hamko peke yenu. STAMICO, shirika la madini la taifa, linazalisha Rafiki Briquettes kutokana na makaa ya mawe, na linajulikana tayari kwa wanunuzi wa serikalini. Wauza gesi nao wako mlangoni. Nguvu yako ni ukaribu: uko kilomita 15 kutoka shuleni, na malighafi umeikanyaga.

Kausha kwanza

Sehemu hii isome mara mbili. Maombi mengi niliyoona yakikwama yalikwama hapa, ingawa barua ya kukataliwa ilitaja sababu nyingine.

Maranda ya msindano uliokatwa jana, nusu ya uzito wake ni maji, na pengine zaidi. Chukua tani moja ya maranda hayo:

- Ukiyakausha mpaka unyevu ubaki asilimia 10, unabaki na kama kilo 555.
- Ukiyachoma kwenye tanuri zuri kuwa makaa ya unga kwa ajili ya mkaa mbadala mweusi, tarajia kilo 125 hadi 150. Tanuri baya litakupa chini ya hapo.

Sasa mfikirie yule aliyeandika kwenye andiko lake kwamba ana tani 20 za maranda kwa wiki na kwa hiyo atauza tani 20 za mkaa mbadala kwa wiki. Alikuwa anaahidi tani 20 mahali ambapo zitatoka mbili na nusu au tatu. Namjua, kwa sababu andiko lile nililiandika mimi pamoja na kikundi chake, miaka kadhaa iliyopita. Mkaguzi alipokuja aliuliza jambo moja: "Mlipimaje?" Mwenyekiti akanyoosha kidole kwenye lundo. Mkaguzi akakaa juu ya gogo, akapiga hesabu kwenye goti, akafunga daftari. Kosa lilikuwa langu kuliko la kikundi, na tangu siku ile siandiki tani yoyote ambayo haijapita kwenye mizani.

Kupima unyevu hakuhitaji kifaa cha gharama:

1. Chota maranda sehemu tano za lundo, juu, kati na chini, uyachanganye.
2. Pima gramu 1,000 kwa mizani ya dukani.
3. Yakaushe juu ya bati lenye moto mdogo chini yake, ukiyageuza, yasiungue.
4. Pima tena kila baada ya muda mpaka uzito ukome kushuka.
5. Zikibaki gramu 480, zimeondoka 520: unyevu ni asilimia 52. Andika tarehe na namba hiyo kwenye daftari.

Fanya hivyo kila wiki kwa miezi mitatu, masika na kiangazi. Daftari hilo ndilo kiambatisho bora utakachowahi kukipeleka kwa mtoa ruzuku yeyote.

Kukausha kwenyewe kunahitaji paa. Turubai lililotandikwa chini, maranda yenye kina cha kiganja, kugeuza mara tatu kwa siku, na bati juu. Nyanda za juu zina ukungu, na umande wa usiku mmoja unakurudisha nyuma siku mbili. Kama fedha zako zinatosha ama banda ama mashine, jenga banda.

Wa kahawia au mweusi?

Kuna njia mbili, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni kuyakandamiza maranda makavu bila kuyachoma, yakatoka magogo mafupi ya kahawia. Inataka mashine yenye nguvu, umeme wa njia tatu, na maranda yenye unyevu usiozidi kama asilimia 10 hadi 12. Yakizidi, mvuke unapasua gogo likitoka mashineni. Parafujo lake huliwa haraka, hasa maranda yakiwa na mchanga, kwa hiyo ukinunua mashine ya aina hii uliza bei ya parafujo la akiba kabla ya bei ya mashine. Na yule mama wa Njombe anahitaji jiko la kufaa, maana gogo hili bado linatoa moshi likiwekwa kwenye mafiga.

Ya pili ni kuchoma kwanza, kisha unga wa makaa unachanganywa na kiunganishi, mara nyingi uji wa muhogo, na kukandamizwa hata kwa mashine ya mkono. Mtaji ni mdogo na moshi ni kidogo. Hasara yake ni ile hesabu ya juu: unapoteza uzito mwingi njiani, na maranda ya unga ni magumu kuchoma sawasawa. Mabanzi na vipande vya magome vinachomeka vizuri zaidi kwenye pipa, kwa hiyo anza na hivyo.

Kwa anayeanza bila umeme wa njia tatu, nashauri ya pili. Watoaji ruzuku nao huielewa haraka, kwa sababu bidhaa yake inachukua nafasi ya mkaa moja kwa moja.

Tahadhari ambazo sitaki mzipite:

- Usitumie kamwe maranda au vipande vya nguzo zilizotiwa dawa. Njombe na Mafinga kuna viwanda vya nguzo, na mabaki yake yanaweza kuwa na arseniki. Moshi wake ni sumu, na majivu yake ni sumu. Ukiletewa bure, kataa.
- Usiongeze udongo ili kuongeza uzito. Majivu yanajaza jiko, na mteja harudi.
- Mkaa mbadala mweusi usiwashwe chumbani penye milango iliyofungwa. Unatoa hewa ile ile inayoua kimyakimya kama mkaa wa kawaida. Andika onyo hilo kwenye mfuko.
- Tenga lundo la maranda mbali na mashine na mbali na unga uliokauka. Lundo likipita kimo cha mtu, lipasue.

Punguza maranda

Huenda ukashangaa kusoma hili kwenye makala ya ruzuku. Msumeno wa duara wa mashine ndogo za kupasulia mbao, hizi tunazoziita ding dong, hula milimita 6 au zaidi kila unapopita, na msumeno wa mkanda hula kama 2 hadi 3. Ubao uliogeuka maranda ulikuwa na bei kubwa mara nyingi kuliko mkaa mbadala utakaoutengeneza. Kwa hiyo kama una nafasi ya kuomba mkopo mmoja tu mwaka huu, na mashine yako inatapanya, huenda msumeno mpya ukakulipa kuliko kiwanda cha mkaa. Piga hesabu zote mbili kabla hujaamua. Mwenye ding dong mbili na vijana wanane wa kazi ana sababu kubwa ya kuanzia kwenye msumeno.

Uza kabla ya kuomba

Tengeneza magunia kumi kwa njia yoyote, hata kwa mashine ya kuazima. Yauze. Andika nani kanunua, kwa bei gani, na kama alirudi. Mama ntilie watatu waliorudi kununua mara ya pili wana uzito kuliko barua ya diwani.

Ukitaka kuuzia shule za serikali, vituo vya afya au magereza, manunuzi yao hupitia mfumo wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023 mahali pa TANePS. Jisajili mapema. Sheria ya ununuzi imetenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kama kikundi chenu kina sifa, kisajiliwe kama kundi maalumu tangu mwanzo.

Karatasi za kuwa nazo kabla ya yote:

- Usajili wa BRELA au cheti cha kikundi kutoka halmashauri
- TIN na leseni ya biashara
- Usajili wa mfanyabiashara wa mazao ya misitu kutoka TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), ambao huhuishwa kila mwaka wa fedha
- Ushahidi wa chanzo cha malighafi: kibali cha kuvuna, au makubaliano ya maandishi na mwenye mashine unayechukua mabaki yake
- Akaunti ya benki kwa jina lile lile lililo kwenye cheti, herufi kwa herufi

Hilo la nne ndilo linalowaangusha. Leo maranda ni ya bure na jirani anakushukuru ukimwondolea. Siku akisikia umepata ruzuku, atakutoza kwa gari. Andikianeni mkataba wa miaka mitatu wakati bado anayaona ni uchafu, na mlipe kitu, hata kiwe kidogo. Mwenye haki ya kulipwa hulinda mkataba pamoja nawe.

Andiko lenyewe

Soma tangazo la mwaka husika mstari kwa mstari, ufuate vichwa vyake kama vilivyo. Kisha:

1. Ukurasa wa kwanza, eleza tatizo kwa namba zako mwenyewe: tani za maranda kwa wiki, unyevu, zinachomwa wapi, nani anaumwa na moshi.
2. Eleza bidhaa na hatua za kuitengeneza kwa lugha ambayo mjumbe asiye mtaalamu ataielewa.
3. Weka orodha ya wateja waliokwisha kununua, na barua ya nia kutoka taasisi moja angalau.
4. Onyesha mchango wako: banda, kiwanja, nguvu kazi. Upe thamani halisi, usiukuze.
5. Bajeti iwe na nukuu za bei tatu kwa kila mashine. Weka vipuri na umeme wa mwaka mzima.
6. Eleza mradi utaishije fedha zikiisha. Sura hii wengi huijazia sentensi mbili, na mimi nikisoma andiko la mtu huanzia hapo.
7. Pata saini za kijiji na wilaya mapema. Afisa misitu akiwa safarini, dirisha haliongezwi siku kwa ajili yako.

Usinakili andiko la kikundi kingine. Nimewahi kusoma andiko la kikundi cha Mufindi lenye sentensi kuhusu mikoko. Wajumbe hawakuhitaji kusoma zaidi.

Mnayoniuliza baada ya hapo

"Ruzuku hizi si wanapeana wenye kujuana?"
Nawaelewa, na sitawaambia malalamiko hayo hayana msingi popote. Lakini maandiko mengi niliyoyaona yakikataliwa yalikuwa na mashimo ambayo hata ndugu yako angeyakataa. Ziba mashimo kwanza. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, na uombe tena dirisha lijalo.

"Kuna mtu anasema nimpe fedha kidogo aniharakishie."
Usimpe. Malipo halali ya serikali yana namba ya malipo na stakabadhi. Anayetaka utume kwenye simu yake anakuibia, na akikamatwa utatajwa wewe.

"Kwa nini nisichome mabanzi yangu kuwa mkaa wa kawaida, niuze Dar?"
Unaweza, kwa kufuata vibali vyote vya mkaa. Jua tu kwamba hakuna ruzuku hata moja kati ya hizi itakayokugusa, na soko la taasisi limefungwa.

"Je, siwezi kuzalisha umeme nikauzia TANESCO?"
EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ina utaratibu wa wazalishaji wadogo, wa kuanzia kilowati 100 hadi megawati 10. Njombe, kampuni ya TANWAT imekuwa na mtambo wa megawati 2.5 unaotumia mabaki ya miwati na misindano tangu mwaka 1995. Lakini ile ni kampuni yenye maelfu ya hekta zake. Wenye mashine ishirini mkijiunga na mwekezaji, zungumzeni. Mwenye ding dong moja, acha.

"Na fedha za hewa ya ukaa?"
Hizo kwa kawaida hufaa miradi mikubwa kuliko wako. Zisikupotezee msimu.

Yaliyowapata Wamarekani

Wapo wanaosema tungekuwa kama Marekani tungelipwa kwa tani. Marekani ilijaribu kweli. Sheria ya kilimo ya mwaka 2008 ilianzisha mpango ulioitwa BCAP: mkusanyaji wa mabaki ya misitu akiuzia kituo cha nishati, Serikali ilimwongezea dola moja kwa kila dola aliyolipwa, hadi dola 45 kwa tani kavu, kwa muda usiozidi miaka miwili. Malipo yalianza mwaka 2009 na kwa muda mfupi yakapita dola milioni 200.

Viwanda vya mbao za kubandika, ambavyo siku zote vilinunua maranda, vikalalamika kwamba malighafi yao inavutwa kwenda kuchomwa kwa fedha za umma. Oktoba 2010 kanuni zikabadilishwa, mabaki yenye soko la thamani zaidi yakaondolewa, na fedha zikapungua. 

Hapo nataka mwone mambo mawili. Hata kule walilipa kwa tani kavu, si kwa lundo. Na hesabu yako ya biashara iandike kwanza bila ruzuku hata shilingi. Ikiwa inaleta hasara bila ruzuku, rudi kwenye unyevu, umbali na bei ya uji wa muhogo mpaka ikae sawa, ndipo uombe.

Siku ya kupakia

Mkaa mbadala mweusi ukiwa kwenye gunia unafanana na mkaa. Askari wa kizuizi hana wajibu wa kuamini maneno ya dereva. Kabla ya safari ya kwanza, mwone meneja wa TFS wa wilaya na sampuli mkononi, akuambie hati gani ya kusafirishia inahitajika, na akupe kwa maandishi. Dereva abebe nakala ya hati hiyo, leseni, usajili na stakabadhi ya mauzo. Mifuko iwe na jina la kikundi na neno "mkaa mbadala" kwa herufi kubwa.

Muulize meneja huyo pia saa ambazo mazao ya misitu yanaruhusiwa kusafirishwa. Saa hizo zikipita kabla hujapakia, lala na gari uani, uondoke asubuhi. Na gunia la juu kabisa acha mdomo wake umefungwa kwa kamba inayofunguka, ili askari achungulie bila kukupasulia mzigo.